Sababu ya Kuhama

Mchungaji kijana alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Hakuna aliyemwamuru afunge. Ni woga tu. Ilikuwa Jumapili yake ya kwanza kuongoza Meza ya Bwana, tena katika kanisa lile lile alilobatizwa, mbele ya watu waliomjua tangu akikimbia kifua wazi. Na pembeni ya madhabahu alikaa Mkuu wa Jimbo mwenyewe, daftari gotini, kalamu mkononi. Mchungaji wa zamani alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo, ushirika ukabaki hauna mtu, ndipo Mkuu akasema, "Mpelekeni yule mpya. Tumtazame miezi sita."

Mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwenda vizuri. Sala ndefu ya kukaribia meza aliisoma bila kukwama, hata pale penye sentensi moja inayomeza nusu ukurasa. Mzee Karani, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na sasa ndiye kiongozi wa wazee wa kanisa, alitikisa kichwa kwa raha kila "twakusihi" ilipotamkwa sawasawa. Kwa Mzee Karani, Mungu alikuwa na Kiswahili chake, na Kiswahili hicho hakikuwa cha sokoni.

Watu wakaanza kuja mbele, kumi na wawili kwa mara moja, wakapiga magoti kwenye ukingo wa mbao. Mchungaji akawa anapita na sahani. "Mwili wa Bwana wetu, uliotolewa kwa ajili yako, ukuhifadhi hata uzima wa milele." "Amina." Hatua moja, mkate mwingine, maneno yale yale. "Amina." Katika kundi la tatu, mtu wa tano alikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Joho jeupe alilovaa Mchungaji siku hiyo lilifuliwa na yeye, likatiwa wanga na yeye, likanyooshwa mpaka likawa linasimama lenyewe. Kitambaa cha meza pia kilipita mikononi mwake, na vile vidogo vya kupangusia kikombe. Leo alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile la kwendea harusi za watu. Alikinga viganja vyake viwili, ngozi imechubuka kwa dawa ya kung'arisha nguo, akangoja.

"Mwili wa Bwana wetu," Mchungaji akaanza. Mkono ulimtetemeka, kipande cha mkate kikagonga ukingo wa sahani mara mbili kabla hakijafika kiganjani. Mama akainua macho. Kitabu cha ibada kinasema wazi kwamba anayepokea atajibu "Amina", basi. Mama Pasi alisema, kwa sauti ile ya chini ya mtu anayeamsha mtoto:

"Asante, mwanangu. Mbona unatetemeka hivyo, baba? Umekula lakini?"

Angesema hivyo mwaka juzi, wangesikia watu wawili tu wa kulia na kushoto kwake. Lakini kwenye kola ya joho palibanwa kipaza sauti kidogo, kipya, na spika zilikuwa nne. "Umekula lakini?" ilizunguka kanisa zima mpaka ikafika kwa walinzi wa baiskeli nje.

Kanisa likaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha watu ambao nao waliwahi kuulizwa hivyo na mama zao. Wanakwaya waliinamisha nyuso nyuma ya karatasi za nyimbo. Ila Mchungaji hakusikia wema uliokuwamo. Alichoona ni kalamu ya Mkuu iliyosimama juu ya daftari, na Mzee Karani aliyefumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Damu ikampanda usoni.

"Mama, hapa siyo jikoni," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka ukutani, kubwa, kama ya mtu mwingine. "Anayepokea hujibu Amina. Kama hujui, rudi ukakae, ujifunze kwanza."

Kicheko kikakatika.

Alitegemea nini? Labda kwamba mama angesema hiyo Amina, naye angesonga mbele. Lakini Mama Pasi alikuwa mtu wa kutii kanisani. Ameambiwa arudi akakae, basi akashika ukingo, akajivuta kuinuka, goti moja likamgomea, akajaribu tena. Aliposimama ndipo alipokumbuka kwamba mkate bado uko kiganjani mwake. Aliutazama. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Mwisho akanyoosha mkono, akaurudisha kwenye sahani, taratibu, akaulaza juu ya vipande vingine. Kisha akatembea ile njia yote ya katikati hadi benchi la nyuma, na viatu vyake vikasikika kila hatua.

Mchungaji akamgeukia mtu wa sita. "Mwili wa Bwana wetu," akasema. Alipokuja na kikombe, aliruka nafasi iliyobaki wazi pale ukingoni. Hakuna aliyesogea kuiziba.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Mkuu wa Jimbo alimpa mkono na hakuuachia haraka.

"Nitakuambia ukweli," Mkuu alisema. "Pale nilikutazama vizuri. Nikasema, huyu sasa atacheka pamoja nao, ibada igeuke kijiwe. Hukucheka. Nimeandika hapa: ana msimamo, anajua kulinda heshima ya meza hata dhidi ya damu yake."

"Lugha ya madhabahu ililindwa," Mzee Karani akaongeza. "Siku hizi watu wanamsemesha Mungu kama wanapatana bei."

"Nashukuru, Baba Mkuu," Mchungaji alisema.

Na lililomtesa baadaye kuliko yote ni hili: pale, kwa muda wa pumzi mbili tatu, alifurahi. Alifurahi kweli kweli. Alivua joho, akalitundika, akajiona ameshafika pale alipokuwa anakwenda tangu siku alipopanda basi la chuo cha theolojia na sanduku la kuazima. Alitoka nje akiwa bado na tabasamu, akamtafuta mama yake amsalimie, amwambie asijali, yamekwisha. Wanawake waliosimama kivulini waliacha kuongea alipokaribia.

"Mama ameondoka?" aliwauliza.

"Ameshaondoka, Mchungaji," mmoja akajibu, akawa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Nyumba ya mchungaji ilikuwa ndani ya uzio wa kanisa, na ya mama ilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya ghala la saruji. Mwendo wa dakika sita. Jumatatu hakwenda, alijiambia mama ana nguo nyingi za kufua Jumatatu. Jumanne kulikuwa na kikao. Jumatano alifika mpaka kona ya ghala, akaona kamba za nguo zimejaa mashuka ya watu, akasikia redio ya mama ikiimba, akageuza kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Alhamisi alikuja dada yake, msusi, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Alibeba kifurushi cha vitambaa vya kanisa vimekunjwa vizuri.

"Mama amesema viko sita," dada alisema, akakiweka juu ya meza ya kulia chakula. "Amesema kile chenye doa la divai alikiloweka mara mbili, doa limetoka."

"Mwambie asante. Hajambo?"

"Si uende ukamuulize? Miguu yako ina kidonda?"

"Dada, nina kazi."

"Naiona." Dada alitazama kitabu cha ibada kilichofunguliwa kando ya kikombe cha chai. "Wateja wangu wananiuliza kama ni kweli. Nikiwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, ananiuliza, eti ni kweli kaka yako alimfukuza mama mezani? Nimjibu nini? Nimwambie alikuwa anamfundisha?"

"Sikumfukuza. Nilimwelekeza utaratibu. Kuna majibu yaliyopangwa, na—"

"Utaratibu." Dada alitamka neno lile kama anatema kokwa. "Unajua Jumapili ile alirudi nyumbani akafanya nini? Hakulia. Afadhali angelia. Alivua gauni, akavaa kanga, akachukua beseni akaanza kufua. Jumapili! Tangu nizaliwe sijamwona anafua Jumapili. Nikamwambia, mama pumzika. Akasema, 'Niache. Huku ninajua ninachofanya.'"

Dada akaondoka bila kunywa chai aliyotengewa.  Mchungaji alifungua kifurushi akahesabu vitambaa, vilikuwa sita kweli, vyeupe mpaka vinaumiza macho. Alitafuta lile doa kwenye kila kimoja asilione.

Mwezi ukapita, ikafika tena Jumapili ya Meza ya Bwana. Safari hii Mkuu hakuwapo. Mchungaji alikula asubuhi, mkono haukutetemeka, sala aliisoma vizuri kuliko mara ya kwanza. Akafunga kitabu, akanyoosha mikono, akakaribisha watu.

Watu hawakuja.

Tuseme walikuja wachache. Walikuja walimu, walikuja wazee wa baraza na wake zao, wakaja vijana waliosoma. Lakini mabenchi ya kulia, walikokaa wauza mboga, mafundi na vibarua wa ghalani, yalibaki vilevile, watu wameinamisha vichwa kana kwamba kuna kitu sakafuni wanakisoma. Bibi mmoja aliinuka nusu, mwenzake akamvuta gauni, akakaa. Baadaye Mchungaji aliambiwa walichokuwa wakinong'onezana: "Wewe unajua majibu yote? Usije ukatuaibisha."

Katika wale wachache alikuwamo mlinzi mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekuja peke yake na fimbo. Alipiga magoti kwa shida. Mchungaji hajafungua hata mdomo, yule mzee akakaza shingo, akatoa macho mbele kama mtu aliye kwenye gwaride, akasema kwa sauti kubwa:

"Amina, afande!"

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alianza, akazibwa mdomo. Mzee aligundua alichosema, midomo ikaanza kumcheza. "Nisamehe, mkubwa," akanong'ona. "Nilifanya mazoezi nyumbani. Nisamehe, narudi kukaa."

"Hapana, mzee wangu. Usiende." Mchungaji aliinama mpaka joho likagusa sakafu. Alitaka kusema neno jingine, lolote, neno la mtu na mtu. Halikuja. Kichwani mwake palikuwa na maneno ya kitabu tu, akayasema, na mzee akayapokea huku jasho likimshuka kwenye nywele zake nyeupe, akajibu Amina tatu mfululizo ili iwepo angalau moja iliyo sahihi.

Siku ile, Mchungaji alipobaki peke yake kanisani, alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, pale mama yake alipokwenda kukaa. Aligundua kwamba kutoka pale madhabahu inaonekana vizuri sana. Kila kitu kinaonekana. Aliuficha uso wake viganjani.

Jumanne alichukua kile kisanduku cha ngozi ambacho wachungaji hubebea mkate na kikombe wanapokwenda kwa wagonjwa, akaenda kwa mama yake. Safari hii alipofika kwenye ghala la saruji hakugeuka.

Mama alikuwa barazani, meza ya pasi mbele yake, ananyoosha mashati ya hoteli. Alimwona, akaweka pasi upande.

"Karibu, baba. Kaa hapo, toa hizo nguo. Umekonda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri, mama." Akakaa. Kisanduku kilikuwa magotini mwake kama mzigo wa mtu mwingine. Alikuwa amepanga hotuba njiani, na hotuba ilikuwa nzuri, ina sehemu tatu. Alisema, "Mama, nimekuja... Jumapili ile, yale niliyosema—"

"Yalishapita hayo."

"Hayajapita. Huji kanisani."

"Ninakuja. Nakaa nyuma, na juzi ilipofika meza nikatoka."

Hakujua hilo. Mwezi mzima mama yake alikuwa ndani ya kanisa na yeye hakumwona.

"Nimeleta meza hapa," akasema, akafungua vifungo vya kisanduku. "Tutafanya hapa hapa, mama, wewe na mimi. Wala hatuhitaji kitabu. Nitasema kwa maneno ya kawaida tu, tunavyoongea, wewe unijibu vyovyote unavyotaka."

Mama Pasi alitazama kikombe kile kidogo cha fedha, saizi ya kifuniko cha chupa ya dawa. Akavuta shati jingine.

"Hiyo si ya wagonjwa?"

"Ndiyo, lakini—"

"Mimi siyo mgonjwa."

"Najua, mama, ila nilifikiri—"

"Ulifikiri nashindwa maneno." Hakuwa amepandisha sauti. Alinyunyiza maji kwenye kola ya shati, akapitisha pasi, mvuke ukapanda. Kisha, macho yakiwa kwenye shati, akaanza: "Ewe Bwana, uliyetuita tungali mbali, twakusihi utukaribishe mezani pako, sisi tusiostahili hata kuokota makombo yaangukayo, ukatulishe..." Akaendelea. Aliisema sala yote ya kukaribia meza, kituo kwa kituo, mpaka ile sentensi inayomeza nusu ukurasa, na hakukosea hata neno. Kisha akasema maneno ya mkate, na maneno ya kikombe. Kola ikawa imeisha, akageuza mkono wa shati.

Mchungaji akakifunga kisanduku, akakiweka chini.

"Nilianza kuyasikia nikiwa na miaka tisa," mama alisema. "Wewe unayo kwa miaka minne ya chuo. Maneno ya kawaida ninayo hapa kutwa nzima: lete sabuni, funga mlango, mwenye shuka amekuja. Kanisani nilikuwa nafuata yale mengine. Mtu kama mimi, nani mwingine ananisemesha hivyo? 'Kwa ajili yako.' Nani? Mwenye hoteli?"

"Sasa mama, kwa nini siku ile..."

"Kwa sababu niliona mkono wako unatetemeka." Sasa aliweka pasi chini kabisa. "Nilikuwa na Amina yangu mdomoni, tayari. Nikaona mkono. Ikatoka ile nyingine. Mimi ni mama yako, itatoka tu, hata Mungu mwenyewe anajua itatoka. Sikujua una kile kidude shingoni."

Mchungaji alishuka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya saruji ya baraza, katikati ya vikapu vya nguo. Alisema, "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe siku ile ile. Inuka, unachafua suruali, nani ataifua?" Alimshika begani. "Inuka, baba. Watu wanapita."

Akainuka. Alisema kwamba Jumapili ijayo atasimama mbele ya kanisa aungame, amwite mama mbele, amwombe radhi hadharani, kila mtu asikie. Mama akatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Ukitaka kuungama, ungama. Ni kazi yako na Mungu wako. Mimi usiniite mbele. Nimesimamishwa mara moja, inatosha."

"Basi nifanye nini, mama? Niambie."

Mama Pasi alikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa.

"Niandikie barua ya kuhama. Nataka kwenda ushirika wa kule ng'ambo ya reli. Yule mchungaji wa kule ni mzee, hanijui. Nitapiga magoti kama watu wengine. Hapa kila nikipiga magoti, watu hawatatazama meza, watanitazama mimi na wewe. Na mimi naijua meza ile, sitaki kuikosa kwa ajili ya sura za watu."

"Mama, kanisa hili umelifulia vitambaa miaka ishirini."

"Vitambaa nitaendelea kuvifua. Hivyo havina kosa."

Barua za kuhama ziliandikwa kwenye karatasi maalumu yenye nembo ya kanisa. Jina la mshiriki, mwaka wa kubatizwa, mwaka wa kipaimara, halafu mstari mmoja: *Sababu ya kuhama*. Chini yake sahihi ya mchungaji, sahihi ya kiongozi wa wazee, mhuri. Barua hiyo husomwa kwa sauti mbele ya ushirika mpya, ili wamjue wanayempokea, na nakala hupelekwa kwa Mkuu wa Jimbo.

Mchungaji aliijaza ofisini asubuhi ya Alhamisi. Mzee Karani aliletewa atie sahihi. Alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeandika nini hapa?"

"Kama ulivyosoma, mzee."

"'Mimi mwanawe nilimfukuza kwenye Meza ya Bwana mbele ya watu.'" Mzee Karani alisoma taratibu, kila neno likizidi kumkera. "Mchungaji, hii ni hati. Haiandikwi hivi. Hii siyo lugha ya hati."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sikatai. Lakini yapo maneno. Andika 'kutokana na hali ya kutoelewana kuhusu utaratibu wa ibada'. Au 'sababu za kifamilia'. Mahakamani niliandika mambo mazito kuliko haya, na kila jambo nililitafutia neno lake." Akashusha sauti. "Itasomwa kule, mwanangu. Kwa sauti. Na Mkuu ataipata. Miezi sita yako haijaisha. Unajua Mkuu aliandika nini juu yako. Sasa unataka asome hiki?"

Mchungaji aliyasikia yale maneno, "hali ya kutoelewana", na akaona jinsi yalivyo laini. Ndani yake hamkuwa na mtu yeyote aliyefanya jambo lolote. Hali tu, imetokea yenyewe, kama mvua. Aliyatamani. Hata aliishika kalamu.

"Tia sahihi, mzee," akasema.

Mzee Karani alitazama dirishani. Kisha akasema, na hii hakuisema kwa Kiswahili cha madhabahu wala cha mahakama: "Na mimi nilikusifu siku ile." Akatia sahihi, akasukuma karatasi kama kitu cha moto, akatoka bila kuaga.

Mchungaji aliipeleka mwenyewe. Njiani alijisikia karibu mwepesi. Alijiona amefanya jambo la kiume, jambo la gharama. Alimwazia mama akisoma, akimtazama kwa jicho jipya.

Mama Pasi alikausha mikono, akaleta miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma amesimama. Dada alikuwapo, anasuka mteja barazani, akaacha kusuka. Mama alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye ule mstari, akausoma tena.

"Hii itasomwa kanisani kule?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Wajue ukweli. Waijue aibu ni ya nani."

"Waijue." Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki. "Kwa hiyo Jumapili nitasimama pale mbele, mgeni, sijui mtu, na karatasi itasomwa kwamba mimi ndiye yule mama aliyefukuzwa na mwanawe. Halafu waimbe wimbo wa kunikaribisha."

Mama akaitua ile karatasi magotini.

"Wewe utakuwa umetua mzigo wako," mama alisema. "Mimi nitakuwa nimeubeba hadi ng'ambo ya reli."

Mteja aliyekuwa anasukwa alijifanya hamnazo, akakodolea macho kioo chake cha mkononi. Dada alishika kitana, hakusema neno, na kunyamaza kwa dada kulikuwa kitu kipya nyumbani pale.

"Sikufikiri hivyo, mama," Mchungaji alisema. Hata masikio yalikuwa yanamchoma. Kumbe hata toba yake alikuwa ameishonea joho.

"Najua hukufikiri. Una karatasi nyingine?"

Alikuwa nayo, alichukua mbili kwa kuhofia kukosea. Mama akasogeza mashati, akampa nafasi kwenye meza ya pasi, juu ya blanketi lenye alama za moto. Mchungaji akajaza jina, mwaka wa kubatizwa, mwaka wa kipaimara. Alipofika kwenye ule mstari akasimamisha kalamu.

"Andika sababu za kifamilia," mama alisema.

"Mama, huo siyo ukweli wote."

"Ni kweli. Si wewe ni familia?" Kidogo akataka kucheka, kicheko kikamwishia puani. "Kule nataka nifike kama mtu, baba. Nisifike kama kesi. Andika. Na mwandiko uwe mzuri, isije ikaonekana nimejiandikia mwenyewe."

Akaandika. *Sababu za kifamilia.* Yale maneno laini aliyoyakataa ofisini kwa kiburi kizuri, sasa aliyaandika kwa mkono mzito, herufi moja moja, na kila moja ilimuuma. Mama alimtazama mpaka akamaliza; jioni ingepelekwa kwa Mzee Karani atie sahihi tena, ipigwe mhuri. Ile barua ya kwanza alikuwa ameikunja mara nne.

"Na hiyo?" Mchungaji akauliza. "Niichane?"

"Hii ni yangu," mama alisema, akaitia kifuani ndani ya gauni, akainuka kwenda kutazama mkaa.

Jumapili iliyofuata Mchungaji aliungama mbele ya kanisa. Hakumtaja mama yake kwa jina. Alisema alikosa, akasema alikosaje, akawaambia wale wa mabenchi ya kulia kwamba meza haina mtihani. Sauti yake haikuwa nzuri na sentensi zilimkatikia njiani. Baadhi waliamini. Wengine walingoja waone. Mlinzi mstaafu hakuwapo. Ilimbidi Mchungaji amfuate nyumbani kwake, mara tatu, kabla hajakubali kurudi.

Lakini kabla ya ibada hiyo, asubuhi, alipokuwa amesimama langoni akipokea watu, mama yake na dada yake walitokea upande wa ghala la saruji. Mama alivaa gauni la bluu, mkoba kwapani, bahasha mkononi. Barabara ya kwenda ng'ambo ya reli hupita mbele ya lango lile. Hakuna njia nyingine. Watu waliokuwa wanaingia walipunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa, wakajifanya wanafunga kamba za viatu vya watoto.

Mama Pasi hakuvuka barabara kukwepa. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele ya mwanawe, akanyoosha mkono kama wanavyofanya waumini wote.

"Bwana asifiwe, Mchungaji," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku ya kuwekewa mikono alimwita baba, na kabla ya hapo mwanangu, na akiwa amekasirika alimwita wewe. Mchungaji aliushika ule mkono mkavu, uliochubuka, akausikia ukimbana mara moja kwa nguvu, kisha ukamwachia.

"Nendeni salama, mama," alisema.

Kutoka ndani Mzee Karani alichungulia kumwambia muda umefika. Mchungaji aliomba dakika moja. Aliwatazama wakishuka kuelekea relini, dada akiongea na kurusha mikono, mama mbele yake hatua mbili, anakwenda upesi kuliko alivyozoea kumwona akitembea. Hakugeuka nyuma. Alikuwa anawahi kiti cha mbele.